Vepu ndani ya nyumba ya kupanga: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nasimamia nyumba za kupanga hapa Mombasa, fleti kumi na moja za familia kule Bamburi na mbili za kulaza wageni Nyali. Zamani swali lilikuwa sigara, mtu anavuta ama havuti, kwisha. Siku hizi ni vepu, kile kidude cha betri cha kuvuta, na kila anayeuliza tayari ana jibu lake mfukoni, landlodi anataka niseme ni marufuku na mpangaji anataka niseme ni maji tu. Haya, nimeyakusanya hapa ili nikiulizwa tena nitume linki nikaendelee na shughuli zangu.

Mlangoni nimebandika "Usivute sigara", mpangaji anavuta vepu na anasema hii si sigara. Nani ana haki?

Yeye. Pole, najua hukutaka kusikia hivyo, lakini wewe ndo uliyeandika "sigara". Angekuwa mtoto wako ungemzaba kofi la mdomo ila huyu ni mtu mzima amelipa dipoziti na amesoma ulichobandika.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kishakusaidia ukakataa msaada. Sisi tuna neno moja la kazi zote hizi, kuvuta. Sigara inavutwa, kiko kinavutwa, shisha inavutwa, bangi inavutwa, na vepu pia inavutwa, hakuna mtu hata mmoja Mombasa nzima anayesema anakunywa vepu. Ungeandika "Hakuna kuvuta ndani" ungekuwa umemaliza yote na bado kibao kina nafasi ya kuchora picha. Ulipoongeza sigara ukafungua dirisha, na vijana wa sasa wanapita hata kwenye tundu la komeo.

Kwani vepu si ni mvuke wa maji tu?

Hapana. Maji ya kwenye sufuria hayana nikotini wala hayanuki embe. Ndani ya kile kidude kuna betri, waya mdogo unaopata moto, na kimiminika chenye gliserini na propilini glikoli, harufu za matunda, na mara nyingi nikotini. Ukivuta, waya unapasha kile kimiminika kinageuka wingu la matone madogo sana. Gliserini ni ile ile mama anakupaka midomo ikipasuka. Sasa chukua gliserini uirushe hewani mara mia kwa siku kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi halafu ujiulize inakwenda wapi. Inatua. Nikifika kwenye swali la kuharibu nyumba ntakwambia inatua wapi.

Lakini pia si moshi, tuseme ukweli. Hakuna kinachoungua, hakuna jivu, hakuna ile lami ya rangi ya kahawia inayogandia ukutani. Aliyetengeneza vepu za kisasa ni Mchina mmoja mfamasia anaitwa Hon Lik, mwaka 2003, alikuwa mvutaji mwenyewe, na wazo lake lilikuwa hilo hilo, mtu apate nikotini bila kuchoma kitu.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Tuna sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007, ndo ile iliyowatoa watu na sigara zao mahotelini na kwenye matatu. Mwaka 2007 nani hapa alikuwa amewahi kuona vepu? Haitajwi kwa jina hata mara moja. Mwaka 2024 ukapelekwa mswada Seneti wa kuirekebisha iguse na hivi vitu vipya. Kwa upande wa ushuru serikali haikuchelewa hata kidogo, tangu Desemba 2024 maji ya nikotini ya vepu yanatozwa shilingi 100 kwa kila mililita, yaani mtoza ushuru anaijua vepu vizuri kuliko mkataba wako.

Kwa hiyo usisubiri Bunge. Ndani ya nyumba yako sheria kubwa ni karatasi mliyotia sahihi.

Majirani wengine wamekwenda mbali zaidi. Uganda waliipiga marufuku kabisa kuuza na kuingiza nchini kwa sheria yao ya tumbaku ya 2015. Oman pia biashara ya vepu ni marufuku, na nalisema hili manake wengi wetu tuna ndugu Maskati na wakija likizo wanashangaa kuona vepu inauzwa dukani kama peremende.

Wewe mwenyewe unaruhusu?

Ndani, hapana. Balkoni, ndiyo, mlango ukiwa umefungwa. Ngazini na korido hapana kabisa.

Nimefika hapo baada ya kujaribu njia zote mbili. Mwanzo nilikataa kila mahali, watu wakawa wanavuta chooni kwa kujificha, na choo ndicho chumba chenye dirisha dogo kuliko vyote. Kisha nikaruhusu kila mahali kwa mpangaji mmoja, nikaona matokeo alipohama. Balkoni ndo mahali ambapo yeye anapumua na mimi napumua.

Landlodi mwenzangu wa Mtwapa anaruhusu ndani na anapata wapangaji haraka kuliko mimi. Sawa, ni mali yake, na nyumba zake zina madirisha makubwa pande zote mbili upepo wa bahari unapita moja kwa moja. Fleti zangu mbili za nyuma hazina huo upepo.

Inaharibu nyumba kweli ama mnatafuta tu sababu ya kula dipoziti?

Swali zuri na limeulizwa kwa uchungu, najua wako landlodi wa kula dipoziti na jivu lake. Wacha nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Kijana alikaa kwenye fleti yangu ya ghorofa ya pili mwaka mmoja na miezi minne, kijana safi, kodi tarehe mbili iko ndani, anafanya kazi kwenye kompyuta usiku na vepu iko mdomoni kama kalamu. Alipohama tukaingia mimi na fundi rangi. Kwa macho nyumba ilikuwa nzuri kabisa, ukuta mweupe, hakuna doa la kahawia. Fundi akasema mama hapa tunafagia tu. Nikapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha la chumba alichokuwa anafanyia kazi, kikaacha njia. Kulikuwa na utando, kama mtu amepulizia mafuta membamba kwa mbali, jua la saa kumi likipiga ndo unauona vizuri una rangi ya ukungu. Tukapanda kwenye feni. Mapanga ya feni yalikuwa na vumbi lililoshikana na ule unato likawa kama sufi, halifutiki kwa kitambaa kikavu, unalikwangua. Juu ya kabati hivyo hivyo. Kichujio cha kiyoyozi kilikuwa kimeziba, fundi wa kiyoyozi akakiosha mara tatu.

Dawa yake sasa. Maji ya uvuguvugu, siki nyeupe kidogo, sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na nusu siku ya msichana wa usafi. Ikaisha! Sikupaka rangi upya. Yule msichana nilimlipa, na kiyoyozi nikalipia, na hayo mawili ndo niliyokata kwenye dipoziti yake, nikamtumia risiti zote mbili, akanijibu asante ma.

Linganisha na mzee mmoja aliyekuwa anavuta sigara kwenye fleti ya chini kabla sijaanza kusimamia. Alipoondoa picha zake ukutani kila picha iliacha mraba mweupe katikati ya ukuta wa rangi ya chai. Tulipaka rangi ya maji, baada ya wiki mbili ile kahawia ikatokeza juu, tukapaka tena ikatokeza tena, mwisho fundi akasema bila rangi ya mafuta ya kuziba chini tutakuwa tunamlisha huyu mzee rangi mpaka kiama. Godoro tulitupa, mapazia tulitupa, na mlango wa kabati hadi leo siku ya mvua unanuka.

Kwa hiyo vepu inaharibu, ila inaharibu kwa kiwango cha usafi, sigara inaharibu kwa kiwango cha fundi. Anayekwambia ni sawa sawa hajawahi kusafisha zote mbili.

Na harufu?

Inatoka. Fungua madirisha siku mbili tatu, osha mapazia, basi. Tatizo la harufu ya vepu ni jirani, si nyumba. Mama wa fleti ya juu alinipigia simu saa nne usiku ananiambia kuna mtu anapika keki chini na hamgawii.

Nina nyumba ya kulaza wageni, king'ora cha moshi kililia usiku na mgeni anaapa hakuvuta sigara. Anadanganya?

Huenda anasema kweli. Vile vidude vyeupe vya kwenye dari viko vya aina mbili kubwa. Aina moja ndani yake kuna mwali wa taa, moshi ukiingia unatawanya ule mwanga na king'ora kinalia. Matone ya vepu yanatawanya mwanga vizuri sana, kwa hiyo mtu akipuliza wingu kubwa chini yake kinalia kama nyumba inaungua. Aina ya pili inatumia chembe ndogo sana ya madini ya mionzi, na yenyewe inawahi zaidi moto wa kuwaka ghafla kuliko moshi mzito, vepu haiisumbui sana ingawa hata hiyo ukiipulizia kwa karibu utaipata.

Mimi kilinililia saa nane usiku, wageni sita kutoka Nairobi wamekuja kufunga mwaka, mmoja kasimama juu ya kitanda anapuliza duara za moshi kuwaonyesha wenzake. Mlinzi kapanda mbio na ndoo ya mchanga. Kulipokucha nikakuta kile kidude kimefungwa soksi, manake waliona dawa ni kukiziba, na hilo sasa ndo kosa kubwa kuliko vepu yenyewe. Tangu hapo kwenye karatasi ya kukaribisha wageni nimeandika mtu akifunika king'ora analipa, sikutaja hata vepu kwenye mstari huo.

Inaweza kuchoma nyumba?

Sigara iliyoanguka kwenye godoro ndo mchawi wa zamani, na hilo vepu haina. Yenyewe hatari yake ni betri. Ni za lithiamu, kama za simu, na zikiumia au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake zinaweza kuvimba na kulipuka. Mwambie mpangaji asichaji kitandani na asiiache kwenye umeme akitoka.

Kuna jambo jingine halisemwi. Vepu za kutupa, zile ukimaliza unatupa zote, betri bado iko ndani. Na sisi hapa taka tunazifanyaje? Mlinzi wangu kila Jumamosi alikuwa anachoma taka nyuma ya ploti, siku moja kukapiga PAA! kipande cha bati kikaruka kikagonga tangi la maji, yeye alikuwa amekwenda kufungua geti, Mungu bariki. Tulikuta kipande cha bomba la vepu kwenye majivu. Sasa nimeweka kopo la rangi tupu chini ya ngazi lenye kifuniko, betri zote na vepu zote zinaingia humo, likijaa napeleka kwa fundi wa simu anayekusanya betri mbovu. Uingereza wao walipiga marufuku kuuza hizi za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, na taka za betri zilikuwa moja ya sababu.

Mpangaji kaniuliza: wewe unafukiza udi kila Ijumaa ngazi nzima inajaa moshi, mimi unanikataza mvuke. Nimjibu nini?

Aliyeniuliza hivi mara ya kwanza alikuwa mpangaji wangu mwenyewe na nilikaa kimya kama dakika nzima. Manake ana hoja. Udi ni moshi hasa, mkaa unawaka kwenye chetezo, kijiti kinaungua, na ukienda kwenye dari ya sebule yangu juu ya pale ninapoweka chetezo utaona duara jeusi ambalo hakuna vepu itakayolichora. Na dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kijani ya kuzungusha, inawaka usiku kucha vyumba vyote vya ploti, moshi wake si wa mchezo, na hakuna landlodi aliyewahi kuikataza, angeikataza tungemwambia alale yeye na mbu.

Kwa hiyo nikimwambia nakataza kwa sababu ya moshi, nitakuwa mwongo. Nilichomjibu ni hiki. Udi naufukiza nusu saa kwa wiki, madirisha wazi, nyumba yangu mwenyewe. Vepu unavuta saa kumi kwa siku, madirisha umefunga kwa sababu ya kiyoyozi, nyumba ambayo mwenzako ataingia mwezi ujao na mtoto mchanga. Na udi hauna nikotini. Akasema sawa, lakini andika basi kwamba udi ruksa, ili isionekane ni chuki. Nikaandika. Ndo maana mkataba wangu leo unataja udi, ubani na dawa ya mbu, na wakili aliyeupitia alicheka lakini hakuufuta.

Landlodi usikimbilie sababu ya moshi kama wewe mwenyewe unafukiza. Watu wana macho.

Kiafya je? Fleti ya jirani kuna mtoto mwenye pumu.

Mimi si daktari. Kinachojulikana ni kwamba anayepumua hewa ya chumba cha vepu anapata nikotini kidogo na chembe ndogo ndogo za lile wingu, kwa kiasi kilicho chini ya cha moshi wa sigara, lakini si sifuri. Waingereza mwaka 2015 idara yao ya afya ya umma ilitoa ile hesabu maarufu ya kwamba vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara, wataalamu wengine wakaipinga hadi leo. Hata ukiikubali, ile ni hesabu ya anayevuta akilinganishwa na mvuta sigara, haisemi lolote kuhusu mtoto wa jirani ambaye hakuvuta chochote.

Mwenye pumu anaweza kuchokozwa hata na manukato makali, kwa hiyo hapo usibishane kwa vitabu, zungumza na mpangaji kiutu, mwambie mama fulani hapo pembeni ana mtoto, tumia balkoni ya upande wa pili. Tisa kwa kumi wanaelewa.

Chupa za maji ya nikotini ndo zinanitisha zaidi. Zinanuka tamu, zina picha za matunda, na mtoto akinywa nikotini ni sumu. Marekani walilazimika kutunga sheria kabisa ya vifuniko visivyofunguliwa na watoto. Hizi zinazouzwa huku mitaani kifuniko chake kinafunguka kama cha soda. Mpangaji mwenye watoto ama anayetembelewa na watoto, ziwe juu, kabatini.

Mpangaji anasema anatumia vepu kuacha sigara, nikimkataza narudisha mtu kwenye sigara. Dhambi iko kwangu?

Hakuna dhambi, ila msikilize. Wako watu wameacha sigara kwa njia hii. Uingereza serikali yenyewe ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwapa wavuta sigara milioni moja vepu za kuanzia ili waache. Mume wangu mwenyewe aliacha hivyo, alivuta sigara miaka ishirini na mbili, na vepu yake anaivutia chini ya mkilifi nyuma ya nyumba, mvua iwe jua iwe, na hajafa.

Kumwambia mtu tumia balkoni si kumrudisha kwenye sigara. Fleti isiyo na balkoni hapo ndo pagumu, na mimi kwa mmoja niliruhusu chumba kimoja chenye dirisha la baharini, tukaandika chumba gani, tukaandika ataosha madirisha kila mwezi. Alitimiza? Miezi mitatu ya kwanza.

Nikate kiasi gani kwenye dipoziti?

Kile ulicholipa kusafisha, kwa risiti. Si "faini ya vepu elfu kumi" uliyoota usiku. Kama hukuandika faini kwenye mkataba huna faini.

Na ushahidi wako unaanza siku anayoingia, si siku anayotoka. Siku ya funguo zunguka naye na simu, piga picha madirisha, feni, kichujio cha kiyoyozi, ndani ya kabati, mtumie zote kwa WhatsApp hapo hapo zikae na tarehe. Asipopigiwa picha za mwanzo atakwambia feni aliikuta hivyo na wewe huna la kusema. Wapangaji, hili linawahusu nyinyi zaidi, msipopigiwa picha pigeni wenyewe. Rangi kufifia baada ya miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida, hata kama ulikuwa unavuta vepu balkoni landlodi asikubandikie.

Naweza kumfukuza?

Kama mkataba unataja vepu na umemuonya kwa maandishi akaendelea, mpe notisi ya kuhama kama mkataba unavyosema, mwezi ni mwezi. Kumfungia mlango kwa kufuli, kumkatia maji, kumtolea vitu nje, hapana, bila amri ya korti wewe ndo utakayeitwa mkosaji. Kama kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nyumba iko chini ya ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi na kesi inakwenda kwa baraza la wapangaji na wenye nyumba, huko ndo usijaribu kabisa mabavu.

Kusema kweli sijawahi kumfukuza mtu kwa vepu tu. Kwa muziki, ndiyo. Kwa kutema muguka, yale majani ya kutafuna, ukutani, wawili.

Na kama ndani ya vepu ni mafuta ya bangi?

Hapo si suala la mkataba tena. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inamgusa hata mwenye nyumba au msimamizi anayeruhusu nyumba itumike kwa hayo. Kwa hiyo ukijua ukanyamaza, na wewe umo. Mwambie mara moja, kwa maandishi. Isitoshe zile ndizo zilizoleta balaa Marekani mwaka 2019, watu zaidi ya 2,800 walilazwa na mapafu yao na 68 wakafa kufikia Februari 2020, na wengi walikuwa wametumia mafuta ya bangi ya vichochoroni yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E.

Niko ughaibuni, mkataba wangu unakataza kuvuta. Vepu imo?

Soma ufafanuzi wa neno "kuvuta" kwenye mkataba wako, manake sheria za huko hazifanani. Uingereza sheria ya 2006 iliyozuia kuvuta kwenye sehemu za ndani inahusu kitu kilichowashwa moto, vepu haimo, kwa hiyo kilichobaki ni landlodi wako ameandika nini. Marekani nyumba za umma zinazosimamiwa na serikali zina kanuni iliyoanza kutekelezwa kote mwaka 2018, hakuna kuvuta ndani wala futi 25 kutoka jengoni, sigara na hata shisha, lakini vepu waliiacha nje, kila mamlaka ya mtaa inaweza kuiongeza ikitaka na nyingine zimeiongeza. California tangu Juni 2016 vepu inahesabika kwenye neno kuvuta kwa sheria ya jimbo. Usichukue jibu la binamu yako wa Texas ukalitumia San Diego, kule California.

Nipe maneno ya kuweka kwenye mkataba.

Haya, hili ndo langu, chukua ubadilishe:

"Ndani ya nyumba, ngazini na kwenye korido hakuna kuvuta kitu chochote: sigara, shisha, vepu, au kifaa chochote cha kutoa moshi au mvuke wa kuvutwa, kiwe na nikotini kisiwe nayo. Vepu inaruhusiwa balkoni, mlango wa ndani ukiwa umefungwa. Udi, ubani na dawa ya mbu vinaruhusiwa, madirisha yakiwa wazi. Mpangaji anawajibika kwa wageni wake. Gharama ya kusafisha itakatwa kwa risiti."

Lisome naye kwa sauti siku ya sahihi. Nikifika kwenye "kiwe na nikotini kisiwe nayo" huwa nawatazama usoni, anayetabasamu ndo mwenye vepu.

Mkataba wetu ni wa mdomo tu, na mpangaji yuko ndani mwaka wa pili.

Huwezi kuamka leo ukasema ilikuwa marufuku tangu zamani. Mwandikie ujumbe, mpe mwezi mzima kabla kanuni haijaanza, muombe ajibu "nimekubali". Akijibu, ipigie picha hiyo skrini uihifadhi mahali. Akikujibu kwa kidole gumba tu, mpigie simu.